Aliyebandua Tinti ya Gari la Apolonia

Baba Paroko, wazee wetu, shemeji yangu Dedan na watoto, majirani wa hapa Katy, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi ndugu mlioendesha tangu alfajiri kutoka Euless na Fort Worth, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Naitwa Method Mutalemwa, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Sospeter Mutalemwa, na kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu najua kusoma mbele za watu, nimepewa jukumu la kuwasomea habari za maisha ya mdogo wetu. Wanaonifahamu kule kwenye mizigo ya uwanja wa ndege wanajua sauti yangu ni ya kufokea watu, hivyo mkinisikia nafoka mnivumilie, leo najifokea mwenyewe.

Marehemu Apolonia Kokugonza Mutalemwa alizaliwa tarehe 14 Februari 1986 katika hospitali ya Rubya, wilayani Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa nne kati ya watano wa Mzee Sospeter na Mama Yasinta, ambaye anatutazama sasa hivi kwa simu kutoka nyumbani, mama shikamoo. Alizaliwa na ualbino, wa kwanza katika ukoo wetu kwa kadiri wazee walivyoweza kukumbuka, na mama, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, alielewa kabla ya daktari yeyote kumweleza kwamba adui wa mtoto huyu ni jua, akamshonea kofia pana za kitenge zenye kamba ya kufunga kidevuni, akamkataza kushika jembe mchana, nasi wengine tukanung'unika kwamba kuna mtoto analelewa kama yai, na kiongozi wa manung'uniko nilikuwa mimi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1994 katika shule ya msingi ya pale kijijini, akakaa dawati la mbele kabisa kwa sababu ya macho yake, na hata hapo mbele ubao ulikuwa haumfikii vizuri, hivyo akajizoeza kusikiliza, akawa mtu wa kukurudishia maneno yako kama ulivyoyasema, jambo lililotutia hasarani mara nyingi sisi tuliopenda kuyabadilisha. Alimaliza la saba mwaka 2000, akasoma sekondari ya wasichana mjini Bukoba kuanzia 2001 hadi 2004, akamaliza kidato cha sita Februari 2007, na Oktoba mwaka huo akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea sheria. Miaka hiyo mnaikumbuka, ndiyo miaka mibaya ambayo watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa walikuwa wanawindwa, nami nilikuwa nafanya kazi Mwanza, kila likizo nilikwenda kumpokea stendi, nikakaa kiti cha pembeni yake hadi mlangoni kwa mama, na sime nimeifunga ndani ya gazeti. Sisemi haya kujisifu, nasema ili mjue kwamba kumlinda Apolonia ilikuwa kazi yangu tangu ujana, na kazi mtu anaweza kuizoea hadi akaacha kufikiri anapoifanya. Mwaka 2010 nilipata grini kadi kwa bahati nasibu, nikaja Fort Worth, Juni 2011 baba akafariki, nikarithi kiti chake, na kwetu aliyekalia kiti cha baba neno lake halirudishwi.

Alihitimu Novemba 2011, akapitia mafunzo ya uwakili, na kuanzia Septemba 2012 aliajiriwa Dar es Salaam kama mwandishi wa sheria, maana yake ni yule mtu ambaye mkubwa akishasema anataka nini, yeye anakaa chini kuliandika jambo hilo kwa maneno ambayo hakimu hatayapindisha na askari hatayakosea. Alikuwa akituambia kwamba sheria haipimwi kwa uzuri wa utangulizi wake, inapimwa kwa askari mmoja aliyechoka, saa nane mchana, kando ya barabara, kama ataweza kuitekeleza bila kumwonea mtu. Agosti 2014 alikuja Houston kwa shahada ya uzamili, akaimaliza Mei 2016, na Agosti mwaka huo akaajiriwa katika ofisi ya mikataba ya hospitali moja katikati ya jiji, alikofanya kazi hadi ugonjwa ulipomwondoa.

Tarehe 2 Julai 2016 alifunga ndoa takatifu hapa Houston na Dedan Njeru, muuguzi, mzaliwa wa Embu, Kenya. Kabla ya kumkubali nilimhoji kwa simu saa mbili nzima, mimi kwa Kiswahili changu cha Kagera na yeye kwa chake cha Embu, mwisho tukaelewana kwamba hatuelewani lakini harusi iendelee. Mungu aliwajalia watoto wawili, Wawira, aliyezaliwa tarehe 11 Mei 2017 na kupewa jina la mama yake Dedan, na Sospeter, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 2020, na kwa jina hilo la pili, shemeji, sijawahi kukushukuru, leo nakushukuru.

Aprili 2018 walihamia hapa Katy, na kwa mara ya kwanza Apolonia, aliyekwisha kupata miwani maalumu na leseni, akaanza kujiendesha kwenda kazini na kurudi kwa barabara kuu ya I-10, maili ishirini na nane kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Ninyi mnaoishi huku mnaijua foleni ya kurudi magharibi saa kumi jioni, jua linakuja kutoka mbele kushoto, linapita dirisha la dereva, linakaa shavuni saa nzima na huna pa kusogea. Kwa hiyo akaweka tinti nyeusi kwenye vioo vyote, nyeusi kuliko sheria ya jimbo inavyoruhusu kwa madirisha ya mbele, na ndani ya kiboksi cha gari akaweka barua ya daktari inayoeleza sababu, kwa kuwa sheria hiyohiyo inamruhusu mgonjwa.

Tarehe 7 Machi 2019 askari alimsimamisha, akapima kioo, akasoma barua, akamwambia kwa adabu kwamba hiyo aipeleke kwa hakimu, akamwandikia tiketi ya kufika mahakamani tarehe 28. Sasa ndugu zangu, karatasi niliyoandaliwa na kamati ya mazishi inasema hapa, nanukuu, marehemu aliondoa tinti hiyo kwa hiari yake. Sentensi hiyo siwezi kuisoma kama jambo la kweli. Apolonia alitaka kwenda mahakamani, alikuwa ameshapiga pasi hadi blauzi ya kuvaa siku hiyo, mwanasheria mzima mwenye barua mkononi, na aliyemzuia ni mimi.

Nilimpigia simu nikamwambia kwamba ana usaili wa grini kadi tarehe 21 Mei, kwamba ugenini hakuna kubishana na askari, kwamba hakimu akishika jina lake na ofisi ya uhamiaji italishika. Baadaye, miaka imepita, wakili mmoja aliniambia kwamba tiketi kama ile isingegusa hata ukingo wa faili lake. Lakini siku ile nilikuwa najua kila kitu. Jumamosi tarehe 16 Machi niliendesha kutoka Euless, ninakoishi, hadi Katy, Dedan yuko shifti, nikaomba wembe na mashine ya kukaushia nywele, nikapasha kioo kimoja baada ya kingine, nikabandua tinti yote kwa mikono yangu, nikakwangua hadi gundi, nikapiga picha ya kupeleka mahakamani ili kesi ifutwe. Mdogo wangu alisimama kwenye mlango wa gereji, kivulini, na neno alilosema lilikuwa moja, "Sawa, kaka." Nikala ugali wake, nikarudi Euless nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Mwaka uliofuata aliponigusia kwamba anataka kuirudisha, nilimuuliza kama anatafuta tiketi ya pili, hakugusia tena.

Novemba 2021 kilitokea kidonda chini ya sikio la kushoto kisichopona, na tarehe 12 Januari 2022 akaambiwa ni saratani ya ngozi. Daktari, kwa haki yake, alitueleza kwamba hakuna mtu anayeweza kulinyooshea kidole dirisha moja, kwamba jua la utotoni Muleba nalo lina hesabu yake, na kila anayejaribu kunifariji hunirudishia maneno hayo. Nayasikia. Lakini shavu la kulia lilitoka Muleba hilohilo, na lilikuwa zima.

Alipasuliwa mara ya kwanza Machi 2022, ya pili Juni 2023, na alipokuwa nyumbani anapona ile ya pili akarudia kazi yake ya zamani, akaanza kuandika mswada wa sheria ya tinti za magari. Alikwenda Euless kwa Bwana Twalibu, yule pale nyuma, fundi wetu Mtanzania wa kubandika tinti, akamuuliza maswali siku mbili hadi Twalibu akafunga duka, na hapo ndipo alipojifunza kitu ambacho hata mimi sikukijua, kwamba kinachokinga ngozi si giza, zipo karatasi za kioo nyeupe kabisa, unaona ndani kama hakuna kitu, na zinazuia miale karibu yote, ilhali nyingine ni nyeusi tii na hazizuii chochote cha maana. Twalibu anasema Apolonia alikiweka kile kipande cheupe juu ya kiganja chake akaitazama mistari ya kiganja kupitia humo. Miaka minne angeweza kuendesha na kitu kile, halali, bila barua na bila tiketi, na hakuna aliyemwambia.

Mswada ulisema sheria ipime miale inayozuiwa na siyo giza peke yake, kifaa cha askari cha kupimia kikaguliwe kila mwaka na dereva aonyeshwe namba, mgonjwa mwenye cheti cha daktari aingizwe kwenye usajili wa gari ili askari amwone kwenye kompyuta yake kabla hajashuka, na kwamba mtu asiondolewe kinga yake kabla ya kusikilizwa na hakimu. Halafu alikutana na askari mstaafu wa huku Houston, ambaye mwenzake alipigwa risasi akikaribia gari lenye vioo vyeusi, hakuona mkono uliomuua, na Apolonia akarudi nyumbani akaandika upya sehemu nzima, dereva akisimamishwa ashushe vioo vyote vinne, awashe taa ya ndani, aweke mikono juu ya usukani. Mimi nilichukia, nikamuuliza kwa nini anawaonea huruma hao. Alinijibu kwamba sheria inayomsahau mmoja kati ya watu wawili waliosimama kando ya barabara haitatekelezwa, itabaki kabatini, naye hana muda wa kuandika vitu vya kabatini.

Mwakilishi mmoja wa bunge la jimbo akakubali kuubeba, na tarehe 16 Aprili 2025 tulikwenda Austin kwenye kamati ya bunge hilo, mimi ndiye niliyeendesha. Alikuwa amepasuliwa mara ya tatu Januari, upande wa kushoto wa mdomo ulikuwa hauchezi, akasimama akasema kwa nusu ya mdomo iliyobaki, polepole. Akaeleza habari ya tiketi, habari ya kuondolewa tinti, habari ya kidonda. Mjumbe mmoja, mtu mpole tu, akamuuliza swali lililokuwa ndilo roho ya mswada, nani alikuamuru uiondoe, askari au mahakama? Mimi nilikuwa kiti cha mstari wa pili, nyuma yake. Nikaona kichwa chake kikigeuka kidogo, kikarudi mbele, akasema, "Hakuna aliyeniamuru. Niliamua mwenyewe."

Mjumbe akaitikia kwa kichwa, akasema basi sheria iliyopo haikumkosea, barua alikuwa nayo, tarehe ya mahakama alikuwa nayo, akaacha kuvitumia, na dakika kumi na tano zilizofuata wakaongelea habari ya vifaa vya kupimia. Ndugu zangu, jibu la kweli lilikuwepo ndani ya chumba kile. Jibu lilikuwa kwamba kuna watu katika jimbo hili, na wengi wao mmekaa hapa, ambao wakiona karatasi ya askari hawasubiri hakimu, hujivua kinga yao wenyewe kwa hofu, au huvuliwa na ndugu zao wanaowapenda, na ndiyo maana kile kifungu cha mwisho kiliandikwa. Fomu za kujiandikisha kusema zilikuwa juu ya meza mlangoni, mtu yeyote anajaza, kalamu ipo. Nilizitazama. Sikusimama. Nilikuwa nimevaa suti, nimekaa kama mkubwa wa familia, na mdogo wangu anayekufa anabeba kosa langu mbele ya serikali kwa mdomo usiofunga.

Tulipofika La Grange, njiani kurudi, ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza kwa nini alisema vile, yeye ambaye tangu utoto hajawahi kubadilisha neno la mtu. Akanitazama kwa jicho la kulia, lile ambalo ugonjwa haukuligusa, akasema, "Kaka, ulitaka nikuvue nguo mbele ya wageni?" Nikaendesha hadi Katy, nikamsaidia kushuka, nikaagana na shemeji mlangoni kama mtu asiye na habari. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mswada ule haukuzaa. Mei haukupangiwa siku ya kupigiwa kura, kikao kikafungwa, ukafa nacho, na sisemi ungepita kama ningesimama, miswada mizuri hufa kila kikao, lakini usingekufa kwa neno lile.

Baada ya hapo saratani ikashuka kwenye mapafu. Kuanzia Agosti hakuweza kutoka kitandani, shavu la kushoto likawa halihisi kitu, na Wawira, ambaye ukimwamkia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, ndiye aliyekuwa anampaka mama yake mafuta kila asubuhi kabla ya basi la shule, akimuuliza kama anasikia, na mama akimwambia anasikia. Alipokea mpako wa wagonjwa tarehe 28 Septemba, na Alhamisi tarehe 2 Oktoba 2025, saa tano asubuhi, nyumbani kwake hapa Katy, mumewe akiwa amemshika mkono, Apolonia alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, miezi saba na siku kumi na nane. Mimi nilikuwa njiani, nimefika Huntsville.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari waliompasua na kumtibu na ambao hawakumdanganya hata siku moja, wauguzi waliokuja nyumbani siku za mwisho, Dada Nyaboke na wauguzi wenzake Dedan waliobadilishana shifti ili shemeji asimwache mgonjwa, majirani wa mtaa huu waliokata nyasi za nyumba hii miezi miwili bila kuombwa na kuwapeleka watoto shule, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya mikataba, askari mstaafu ambaye amekuja leo na amekaa pamoja nasi, Bwana Twalibu, na Baba Paroko. Hamkusaidia kwa maneno, mlisaidia kwa mikono, Mungu awarudishie.

Nina mambo mawili ya mwisho, ambayo hayamo kwenye karatasi. La kwanza, Ijumaa niliandika barua kwa yule mwakilishi, nikaweka jina langu, anwani yangu, tarehe 16 Machi 2019, wembe, mashine ya nywele, kila kitu, nikamwomba iwekwe pamoja na maneno aliyoyasema Apolonia, na kikao kijacho kikifunguliwa nitakwenda kujaza ile fomu, kama kuna mtu atakayekubali kuubeba mswada, na kama hakuna nitakwenda hivyohivyo. Najua haimrudishi. La pili ni lako, shemeji Dedan. Miaka sita na nusu umeamini kwamba mkeo alijiondolea kinga yake kwa uzembe, na najua mliwahi kugombana kwa ajili hiyo, kwa sababu ulinipigia simu mimi, mimi niliyefanya, ukaniomba niongee naye, nami nikakuahidi nitaongea naye. Hakukwambia kwa sababu ya heshima yangu. Heshima hiyo naiweka chini hapa, mbele ya mama yangu, mbele ya watoto wako, na mbele ya mwili wake.

Kwa utaratibu wa ukoo wetu, aliyekalia kiti cha baba ndiye anayetangulia kutia udongo kaburini. Leo naomba nisitangulie. Tangulia wewe, shemeji, na Wawira na Sospeter, mimi nitasimama nyuma ya watu, na ukiona sistahili hata kushika beleshi, sema tu, sitabisha.

Apolonia, mdogo wangu, aibu ile haikuwa yako, nimekuja kuichukua, nisamehe kwa kuchelewa, na wewe pumzika kwa amani.